Jeneza Tupu Kivukoni

Mjomba wangu Mbaruku,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kama ulivyonifunza, ingawa safari hii sina wa kuniitikia. Ulikuwa na tabia ya kuichelewesha marahaba makusudi. Ulinitazama kwanza, kuanzia miguuni mpaka utosini, uone kama nimekuja kukujulia hali tu au nimekuja na jambo. Leo nimekuja na jambo. Nimekaa nalo miaka minne, nimehama nalo kutoka kivukoni hadi huku Nguvumali, na kila nikidhani limelala linaamka.

Barua hii si ya siri. Nimeiandika kwa herufi kubwa na wino mzito ili Maalim Kombo aisome bila kuhangaika na miwani. Nitamtumia yeye, awasomee watu Ijumaa baada ya swala, watu wa kwetu Mkondoni na watu wa Ng'ambo, ikiwa watakubali kukaa mkeka mmoja. Nakuandikia wewe, lakini nataka na wao wasikie, kwa sababu jina lililochafuliwa ni lako na waliolisoma likichafuliwa ni wao.

Unaukumbuka mtumbwi wako wa mwembe? Mama alipofariki ukanichukua, na kwa kuwa shule ilikuwa Ng'ambo, ukawa unanivusha kila asubuhi. Uliniambia niweke daftari kichwani, si mapajani. "Likilowa, mwalimu atakuchapa wewe, lakini aibu itakuwa yangu." Ulikuwa ukisoma msahafu vizuri kuliko wengi, ila herufi za shule zilikupiga chenga, na hukuona haya kulisema hilo. Kila siku uliponishusha ulinisukuma begani ukasema neno lile lile: "Soma, mwanangu. Unisomee na mie."

Nakumbuka pia nani alikulipa na nani hukumtoza. Mwenye senti alitoa senti, mwenye nazi alitoa nazi, na yule muuza samaki wa Tongoni alitoa ahadi, mwaka baada ya mwaka, nawe ukazipokea kana kwamba zinalika. Lakini watu watatu hukuwatoza kitu: mgonjwa, mwanamke aliyeshikwa na uchungu, na wa jeneza. Na wa jeneza kwako walikuwa wote. Nilikuuliza siku moja, "Mjomba, hata yule aliyefuata pilau?" Ukacheka mpaka kafi ikakuponyoka. "Kafuata pilau, kabeba hatua tatu, basi keshabeba. Wee utampimia moyo wake kwa kibaba gani?"

Nalieleza jambo la jeneza hapa kwa sababu kuna vijana watakaosikia barua hii na hawakulikuta. Vijiji viwili, jeneza moja. Lilikaa katika msikiti wetu wa Mkondoni, limeegemezwa ukutani karibu na birika la kutawadhia. Akifa mtu Ng'ambo, walikuja wanaume kulichukua. Likavuka tupu. Wakishazika, siku ya pili walilirudisha, tena hawakuja wanne, walikuja kundi zima, maana kurudisha jeneza kulikuwa ni kuja kushukuru. Walikaa barazani, wakanywa kahawa, wakapewa pole, ndipo wakarudi kwao. Kwa hiyo kila msiba wa Ng'ambo ulilivusha jeneza tupu mara mbili, na watu nyuma yake. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Mwenyewe nimelishika jeneza lile likiwa tupu, likanigonga goti, nawe ukaniambia niseme bismillahi.

Kisha Serikali ikaleta pantoni. Ubao mpana, kamba nene toka ukingo hadi ukingo, na marufuku ya mitumbwi ya kulipisha. Wengine walinuna. Wewe uliuvuta mtumbwi wako hadi nyuma ya nyumba, ukawafanyia kuku kiota ndani yake, ukaenda kuomba kazi ya kuvuta kamba. Haukupita mwezi ukawa mkubwa wa wavuta kamba. Na mimi, kwa hayo madarasa uliyonivushia, nikapewa kibanda chenye dirisha, kizuizi cha mti, na kitabu cha tiketi. Loo, ulivyojivuna! Uliwaleta watu kuniona kama wanaokuja kumtazama bwana harusi. "Mpwangu huyo. Ana dirisha." Sijui kwa nini dirisha ndilo lililokupendeza kuliko mshahara.

Tulifanya kazi vizuri, wewe kambani na mimi dirishani. Kibanda kilikuwa upande wetu wa Mkondoni, na waliotoka Ng'ambo walilipa wakishuka. Senti kumi kwa mtu, zaidi kwa baiskeli na mzigo, na lori la mkonge kwa bei yake. Wa jeneza walipita. Hatukuandikiana mkataba. Wewe uliwainulia kizuizi, mimi nikainamisha kichwa kwenye kitabu, na hakuna aliyeona ajabu.

Mpaka siku ile alipokuja Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, kutoka Tanga. Hakuja kwa kishindo. Alikaa kwenye kigoda karibu na kibanda changu tangu saa mbili asubuhi, kofia magotini, akitazama pantoni ikienda na kurudi. Nilidhani anapunga upepo. Kumbe anahesabu vichwa. Na siku hiyo, Mjomba, ndiyo siku watu wa Ng'ambo walipokuwa wakirudisha jeneza baada ya kumzika yule mfumaji wa mikeka.

"Karani," akasema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "nimehesabu watu sabini. Wewe umekata tiketi hamsini na moja."

Nikaogopa jela. Si muda mrefu kabla ya hapo, karani wa mahali pengine alikuwa amepelekwa jela kwa kula fedha za tiketi, na habari zake zilikuwa hazijapoa.

"Sikuambii umeiba," akaendelea. "Nakuuliza tu. Serikali haina shamba la kuchuma fedha. Zahanati inataka dawa, barabara inataka kokoto, mwalimu anataka mshahara. Kivuko hiki lazima kijilishe chenyewe na kilishe na vingine. Hao kumi na tisa wamepitaje?"

"Wamepita na jeneza, bwana."

"Amekufa nani?"

"Hakuna, bwana. Jeneza lilikuwa tupu."

Haya ndiyo maneno yangu, Mjomba. Sikuongeza na sikupunguza. Akainua uso, akacheka puani. "Jeneza tupu! Wajanja hawa." Akafungua daftari lake dogo akaanza kuandika. Hapo palikuwa na nafasi. Kalamu yake ilikuwa ikienda taratibu, nami nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema: bwana, jeneza ni moja kwa vijiji viwili, hawa wanalirudisha msikitini. Maneno hayo yangeisha kabla hajafika mwisho wa mstari. Nikayameza. Nilimwona amefurahi, nikaona hofu imenitoka, na nyuma ya hofu nikaona kitu kingine kinaingia, nacho ni tamaa. Mtu aliyefurahishwa huwakumbuka waliomfurahisha.

"Nani huwainulia kizuizi?"

"Mvuta kamba mkubwa, bwana."

"Jina lake?"

"Mbaruku."

Nilikutaja hivyo hivyo, mkavu, kama mtu niliyekutana naye juzi sokoni. Sikusema mjomba wangu. Na wewe ulikuwa umesimama hatua ishirini kutoka hapo, unakunja kamba, na ulipoona tunatazama upande wako ukainua mkono kunisalimia. Bwana Shauri ndiye aliyekupungia. Mimi nilijifanya napanga tiketi.

Baada ya siku chache tarishi akaleta karatasi. Ilipigwa misumari minne kwenye ubao wa kibanda changu, chini ya dirisha ulilokuwa ukijivunia. Ulikuja mchana, unafuta mikono kwenye msuli uliojifunga kiunoni, na wenzako wa kamba nyuma yako.

"Ehe, mwanangu. Nisomee."

Mjomba, nilikuwa nimesubiri miaka yote hiyo kukusomea kitu. Nikaitazama karatasi kana kwamba ndiyo kwanza naiona.

"Inasema Serikali inapunguza watu wa kamba."

"Inapunguza wangapi?"

"Mmoja."

Ukacheka. "Basi huyo mmoja ndo mie. Mzee kuliko wote hapa ni nani tena? Haki yao." Ukageuka ukawapa wenzako mkono mmoja mmoja, ukawaambia wasihuzunike, Serikali inapunguza watu. Salehe, mwenzako wa kamba aliyesoma mpaka darasa la nne, alikuwa amesimama karibu na bega lako. Aliisoma karatasi yote. Kisha akanisoma na mimi. Akarudi kambani.

Tangu hapo ulizunguka nalo neno hilo. Barazani, dukani, shambani kwako Ng'ambo ulikohamia kulima mihogo. "Wamepunguza watu, nami ni mzee, ndo mambo ya Serikali." Na watu waliosoma wakakuitikia, "Ndiyo, mzee," wakatazama chini. Yaani vijiji viwili vizima vilinisaidia kukudanganya. Mimi nilifanya kwa woga na wao walifanya kwa kukuheshimu, na uongo ukawa ule ule mmoja.

Sijui nani aliyekusomea mwishowe. Pengine hakuna, pengine uliuona ukweli mwenyewe machoni mwa watu. Nakumbuka tu ulivyokuja dirishani asubuhi moja na mihogo ya kuchemsha, umeifunga kwenye jani la mgomba. Ukaweka senti kumi mbele yangu. Nikakusukumia irudi.

"Kata, mwanangu. Na mie n'navuka kama watu."

Nikakata. Ukaishika ile tiketi, ukaigeuza, ukaitazama nyuma ambako hakuna kitu.

"Ile karatasi," ukasema. "Uliisoma yote?"

"Niliisoma, Mjomba."

"Haya."

Ukaniachia mihogo, ukapita kizuizini. Nilikuwa na njaa. Niliila yote, na ilikuwa mitamu, na hilo nalo sijajisamehe.

Kifua kilikuanza baada ya masika. Nilikuja kukuona mara moja tu, tena kwa haraka, nikisema lori la mkonge linasubiri. Uliniuliza habari za kazi. Nikasema nzuri, nasikia nitahamishiwa boma, Tanga. Ukafurahi, wallahi ulifurahi, ukamwita mkeo aje asikie. "Mpwangu anakwenda boma." Nilikaa ukingoni mwa kitanda chako, maneno yamefika hapa kooni, nikainuka nikaaga. Asubuhi ya siku ya tatu Salehe alikuja na mwenzake kuchukua jeneza.

Walilitoa msikitini, wakasimama nalo mbele ya dirisha. Jeneza tupu sasa lilikuwa ni mzigo, lina bei yake. Salehe akaweka senti.

"Salehe, acha," nikamwambia. "Nitalipa mie."

"Karani," akaniambia, mtu niliyecheza naye tangu tukiwa wadogo, "kata."

Wakavuka. Adhuhuri pantoni ikarudi na wewe, maana ulikuwa umeusia uzikwe kwetu, ubavuni mwa dada yako, mama yangu. Kanuni ilisema maiti apite na watu wanne. Wale wanne wakakunyanyua wakapita kizuizini. Na nyuma yenu wakashuka wanaume wa Ng'ambo, arobaini na kitu, kila aliyewahi kuingia mtumbwini mwako bure siku ya msiba, wakajipanga mstari dirishani pangu.

Nawaambia wale wasioujua msiba wa kwetu: jeneza halibebwi na watu wanne. Linapita mabegani mwa watu wote, huyu anampokea yule, kila mtu hatua zake chache, ndiyo maana huenda mbio. Sasa waliotakiwa kupokea walikuwa kwangu wananunua tiketi. Walijua ningewapitisha bila tiketi siku ile, niliwaambia piteni, jamani, piteni. Hakupita mtu. Waliweka senti zao mmoja mmoja, na kila mmoja akasema neno moja tu, "Kata." Karatasi zikawa hazichaniki sawa. Nikatoa kichwa dirishani nikawaona wale wanne mbele, wamefika kwenye minazi miwili, wamechoka, hawana wa kuwapokea. Wakaliweka jeneza chini. Uliwekwa chini njiani, Mjomba, peke yako, juani, na mimi nakata tiketi.

Nimejitetea mara nyingi kwamba ng'ambo lori lilikuwa likipiga honi na hapakuwa na wa kunishikia zamu. Si kweli. Dirisha lile lilikuwa na komeo kwa ndani. Ningeweza kulifunga, nikatoka mbio, nikaweka bega. Sikufunga. Nilipofika makaburini walikuwa wanamwagia maji udongo. Yule mfuata pilau alikuwapo, kakubeba hatua zake tatu. Mimi sikukubeba hata moja.

Nikahamishiwa Tanga kama nilivyokwambia. Nina meza, nina kiti chenye mgongo, nyumba ya vyumba viwili hapa Nguvumali, na majirani huniita bwana karani kwa adabu. Ng'ambo wamejichongea jeneza lao. Nasikia ni zuri, la mkangazi, ubao wenyewe umetoka huko juu Amani. Hakuna tena anayevuka kuazima, wala anayevuka kurudisha, na kwa hiyo hakuna anayekaa barazani kunywa kahawa ya kushukuru. Akifa mtu upande mmoja, upande wa pili husikia baada ya arubaini kupita. Kivuko kinaingiza fedha vizuri. Dawa zimefika zahanati, siwezi kusema hazikufika, na barabara imetiwa kokoto. Haya nayaandika kwa sababu nimejifunza ubaya wa kusema nusu.

Juzi bwana mpya wa ofisi aliniwekea faili mezani. Kanuni ile ya jeneza imependwa, inatakiwa iandikwe kwa vivuko vyote vya pwani hii. Akatabasamu: "Nimesoma kwamba wewe ndiye uliyeugundua ujanja wao. Basi iandike wewe."

Sikuiandika. Nimeandika karatasi mbili nyingine, kwa Kiingereza changu hiki cha kuungaunga, nikaeleza vijiji viwili na jeneza moja, na kahawa, na kwamba nilijua siku ile na nikanyamaza. Nimempelekea leo asubuhi. Mke wangu ameuliza tutakula nini wakinifukuza, na ni swali la haki. Huenda wasinifukuze. Huenda wakazitia faili zile karatasi na kanuni ikaandikwa na mtu mwingine. Lakini haitaandikwa kwa mkono wangu.

Nilipoanza barua hii nilisema Maalim Kombo ataisoma. Nimebadili. Nimekwisha kuwaachia wengine wabebe kilicho changu, yatosha. Ijumaa nitakuja mwenyewe, nitalipa senti kumi zangu dirishani kwa karani aliyepo, nivuke kwanza Ng'ambo kuwaomba waje, kisha nirudi nao Mkondoni nisimame mbele yao wote. Baadaye nitakuja kwako, makaburini, na karatasi ile. Ninayo. Niliibandua siku ya kuhama, ina matundu manne ya misumari. Uliniuliza kama niliisoma yote nikasema ndiyo. Kaa sawa, Mjomba, nikusomee. Imeandikwa hivi:

"Tangazo kwa watu wote. Mbaruku, mvuta kamba mkubwa wa kivuko hiki, ameachishwa kazi kwa kosa la kuwapitisha wadanganyifu wenye jeneza tupu, wasilipe haki ya Serikali. Tangu leo jeneza tupu litalipiwa kama mzigo. Jeneza lenye maiti litapita na watu wanne tu. Jambo hili limejulikana kwa uaminifu wa karani wa kivuko, na Serikali inamshukuru."

Basi, imekwisha. Sasa nimekusomea yote.

Lala salama, Mjomba.

Mpwa wako,
aliyejua.